Msukuma kinga akianguka njiani, nani atamgusa wa kwanza?

Jumamosi moja ya mwisho wa kiangazi, karibu saa tatu asubuhi, kwenye barabara inayoingia Kalemie kutoka upande wa Nyunzu, kijana mmoja aliyekuwa anasukuma kinga yenye magunia matatu ya makala aliyumba, akaachilia usukani, akaanguka. Kinga na mzigo wake vikamlalia mguuni. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua kama hamsini, juu ya kinga yangu isiyobeba kitu zaidi ya mfuko wa kazi.

Nitasema ukweli, hata kama unanipa haya. Mkono wangu wa kwanza ulikwenda kwenye simu, na haukwenda kuita mtu. Ulikwenda kupiga picha. Nimesoma uandishi wa habari chuo kikuu, nimefundishwa kuangalia, kuuliza na kuandika. Hakuna mwalimu aliyenifundisha nifanye nini na mtu anayelala barabarani macho yamepinduka.

Watu walikusanyika haraka, kama inavyokuwa siku zote. Mama mmoja aliyekuwa na beseni ya ndagala kichwani akasema, "Ni lutuku hiyo, saa hizi tu amekwisha kunywa." Dereva wa pikipiki akasimama, akaangalia, akasema, "Musimuguse! Akifia mu mikono yenu, mutajibu nini ku polisi?" Kijana mwingine alikuja na chupa ya maji, akataka kumnywesha yule aliyelala chali bila fahamu. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Maji yale yangeweza kumuua.

Aliyeokoa hali ile hakuwa muuguzi wala askari. Alikuwa papa mmoja wa miaka hamsini na kitu, naye msukuma kinga, aliyekuwa anakuja nyuma na magunia yake. Alisimamisha kinga kwa ule mti wao wa kuegemeza, akasukuma watu pembeni, akasema, "Mumupe hewa." Akaondoa kinga mguuni. Akampiga kijana begani na kumwita kwa sauti. Hakujibu. Akainamisha shavu karibu na mdomo wake, akakaa kimya kidogo, akasikia pumzi. Ndipo akamgeuza kwa ubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kimeinama kidogo nyuma, mdomo ukiangalia chini ili mate yatoke. Ile chupa ya maji akaichukua na kuiweka mbali.

Baada ya dakika chache kijana alianza kuugua kwa sauti, kisha akafungua macho, akataja jina la mama yake. Papa alingoja mpaka ameweza kuketi na kumeza mate bila shida. Akamuomba mama muuza mandazi sukari, akamlambisha kidogo kidogo. Alipoulizwa amekula nini, kijana alisema bukari ya jana mchana. Alikuwa ametembea usiku kucha ili afike sokoni mapema.

Msomaji anaweza kufikiri habari inaishia hapo. Kwa kweli ilikuwa ndiyo inaanza.

Pikipiki tatu zilikataa kumbeba. Ya nne ilikubali baada ya kudai bei mara mbili, na mimi nikakaa nyuma nikimshikilia asianguke. Kwenye kituo cha afya tulichofikia, ambacho sitakitaja, swali la kwanza halikuwa "ana nini?" Lilikuwa "nani analipa fishi?" Baada ya fishi likaja swali la malipo ya kwanza. Kijana alikuwa ameketi chini kwenye korido, jasho baridi likimtoka, na sisi wawili tusiomjua hata jina tukihesabu franka mfukoni. Alipopimwa, alikuwa na malaria, na muuguzi alisema sukari ya damu ilikuwa chini sana. Alipona. Siku hizi anasukuma tena.

Tunaandika haya leo kwa sababu si habari ya mtu mmoja. Katika mji wetu, na katika jimbo lote la Tanganyika, kuanzia Kongolo na Kabalo mpaka Manono na Moba, kinga ndiyo lori la maskini. Makala yanayopika bukari yetu, mahindi, mihogo na mafuta ya mawese, sehemu kubwa inatufikia juu ya magurudumu mawili, inasukumwa na mtu anayetembea kwa miguu mchana au usiku. Halafu akifika mjini anaingia katika barabara kama ile ya Lumumba, ambako malori, pikipiki, watoto wa shule na wenye kinga wanagombania nafasi moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na Afrika ndiyo yenye kiwango kibaya zaidi ukilinganisha na idadi ya watu. Msukuma kinga anayeangushwa na njaa, malaria au jua yumo katika hatari ileile, ila yeye hata hahesabiwi.

Ukiuliza watu kumi sokoni namba ya kuita ambulansi, wengi watakuangalia tu. Kwa hiyo tusijidanganye. Mtu akianguka barabarani, dakika kumi za kwanza ni za yule aliye nyuma yake, na mara nyingi aliye nyuma yake ni mwenye kinga mwenzake. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika katika dakika chache. Damu ya mshipa mkubwa uliokatika inaweza kumaliza mtu kabla pikipiki haijawashwa. Munganga bora wa jimbo hili, hata akikaa tayari hospitalini na glovu mkononi, dakika hizo hazimfikii.

Hata kule kwenye pesa nyingi jambo hili limeumiza watu. Tarehe 26 Septemba 2024, katika mashindano ya dunia ya kinga mjini Zurich, Uswisi, msichana wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka msituni kwenye mvua. Hakuna aliyemwona akianguka. Mbio ziliendelea, magari ya waganga yalikuwepo, helikopta ilikuwepo, lakini kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba yuko chini. Alikufa kesho yake. Mwaka uliofuata, mashindano hayo yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, Septemba 2025, wakubwa wa mchezo huo walitangaza kwamba kila mshindani atabeba kifaa cha kuonyesha mahali alipo. Yalifanyika Kigali, mji ambao wasomaji wengi wa Kivu na Tanganyika hawausikii siku hizi bila moyo kupanda, nami nawaelewa. Lakini somo lenyewe halina mpaka. Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kulia pia: Suleiman Kangangi wa Kenya, mmoja wa wenye kinga waliojulikana sana katika ukanda huu, alianguka na kufa Agosti 2022 kwenye mbio za Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33.

Zurich walikuwa na waganga na helikopta, wakakosa jicho la kuona. Sisi hapa macho tunayo mengi mno. Kijana wetu alianguka mbele ya watu thelathini. Kilichokosekana ni mkono.

Na mkono ulikosekana kwa sababu mbili, kutojua na kuogopa. Kutojua kunatibika haraka, wacha nikuanze.

Yale aliyofanya yule papa hayahitaji diploma. Kwanza angalia usije ukagongwa wewe. Weka matawi au mtu wa kusimamisha magari mbele na nyuma. Mwite, mguse begani. Asipojibu, angalia kama anapumua, kwa muda usiozidi sekunde kumi. Akipumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu na usimwache peke yake. Asiyejua alipo hapewi maji, wala chai, wala dawa ya kienyeji, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Sukari ni ya mtu aliyeamka na anayeweza kumeza, na kwa msukuma kinga aliyetembea usiku kucha bila kula inaweza kufanya kazi kama sindano. Aliyezidiwa na jua apelekwe kivulini, alegezwe nguo, amwagiwe maji mwilini na kupepewa.

Kama hapumui, au anavuta pumzi moja moja ya kukoroma kama samaki aliyetolewa ziwani, piga magoti pembeni yake, weka viganja viwili kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, nyoosha mikono, ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kishuke kama sentimita tano na kirudi juu. Ukichoka mwingine apokee. Watu wanaogopa kuvunja mbavu. Mbavu hupona.

Damu inayoruka inasimamishwa kwa kubonyeza palepale inapotoka, kwa kitambaa safi au hata shati, bila kufungua kila mara kuchungulia. Si kwa udongo, si kwa unga, si kwa mafuta ya breki. Nimeona vyote vitatu. Kama unaweza, weka mfuko wa plastiki kati ya mkono wako na damu yake. Aliyegongwa na gari, au aliyeanguka kwa kasi akapiga kichwa, asivutwe kwa mikono na miguu kama gunia. Shingo yake ishikwe isicheze, na asihamishwe ila kama barabara yenyewe ni hatari, hapumui au anatapika. Na mwenye kifafa, ambaye bado katika mitaa yetu watu wanamkimbia wakisema povu lake linaambukiza, haambukizi mtu. Mwondolee mawe karibu na kichwa, usimshikilie kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, ngoja itulie kisha umlaze kwa ubavu. Isipotulia katika dakika tano, mkimbize kwa waganga.

Haya yote yanafundishwa kwa siku moja au mbili. Msalaba Mwekundu wa nchi yetu una kazi hiyo ya kufundisha huduma ya kwanza. Tunachoomba ni kwamba mafunzo hayo yatoke katika kumbi za mikutano ya mashirika, yaende pale wasukuma kinga wanaposimama, kwenye maingilio ya mji na kwenye vizuizi. Wasukuma wenyewe wanatuambia kwamba kila safari wanaacha pesa kwenye vizuizi hivyo. Kama serikali ya jimbo inaweza kuweka mtu pale wa kuhesabu magunia tangu alfajiri, inaweza pia kuweka pale sanduku lenye bandeji, glovu, sukari na karatasi ya namba za simu. Gharama yake ni ndogo kuliko kinachokusanywa pale kwa asubuhi moja, nasi tuko tayari kuchapisha hesabu kama mtu atatupinga.

Kuogopa ndiko kugumu zaidi, na sitaki kuwacheka wanaoogopa. Yule dereva wa pikipiki aliyepiga kelele tusimguse hakuwa mtu mbaya. Anajua mambo. Katika mji huu kila mtu ana hadithi ya mtu aliyemleta majeruhi hospitalini kisha akaambiwa ndiye aliyemgonga, akakaa polisi mpaka ndugu walete pesa. Kila mtu amesikia habari ya familia iliyofika na hasira ikamkuta msaidizi amesimama na damu kwenye shati. Kwa nini mtu anayeishi kwa kazi ya siku ahatarishe siku nzima, na pikipiki ya bosi wake, kwa mtu asiyemjua?

Sheria, lakini, inasema vingine. Tangu mwaka 1978 kitabu cha sheria za adhabu cha Kongo, katika vifungu vya 66 bis na vinavyofuata, kinamwadhibu mtu anayekataa kwa makusudi kumsaidia aliye hatarini, wakati angeweza kumsaidia kwa mkono wake mwenyewe au kwa kuita msaada, bila kujitia yeye au wengine hatarini. Soma tena. Anayepita akiangalia pembeni ndiye mwenye kosa. Lakini barabarani tumeigeuza: anayepita analala kwake, anayesaidia analala polisi. Kila askari anayemshikilia msaidizi saa sita "kwa uchunguzi" anafundisha watu mia moja kupita.

Kwa hiyo tunaomba neno la wazi kutoka kwa polisi wa barabarani na kwa ofisi ya mwendesha mashtaka, lisomwe kwenye radio za Kalemie kwa Kiswahili ambacho kila mkaaji anakielewa. Aliyeleta majeruhi aandike jina lake na namba yake ya simu, kisha aende nyumbani. Akihitajika kama shahidi ataitwa. Kama kweli ndiye aliyegonga, kuna mashahidi, kuna alama barabarani, kuna gari lenyewe. Uchunguzi hauhitaji kumgeuza kila mwenye huruma kuwa mfungwa.

Kwa vituo vya afya na hospitali tuna neno moja tu, na tunajua si rahisi kwao. Wauguzi wengi hawalipwi inavyopaswa, dawa zinanunuliwa, na mgonjwa anayetoroka bila kulipa anakatwa kwenye mfuko wa mtu. Tunayajua hayo, tumeyaandika mara nyingi. Lakini kumpima mtu sukari, kumfunga kidonda, kumwekea seramu, hayo yaje kabla ya fishi. Hesabu ifanywe baadaye, na idara ya afya ya jimbo itafute njia ya kufidia dharura za watu wasio na mtu. Kumwacha kwenye korido mpaka franka zitimie ni kumsukumia kazi ya serikali mpita njia aliyemleta, na safari nyingine mpita njia huyo hatasimama.

Wenye kinga wenyewe, je? Hapa nina neno kwao, kwa heshima, maana hata mimi ni wa kundi hilo. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika milima ya Wakiga, kuna desturi ya vikundi vya engozi. Engozi ni machela ya kubebea wagonjwa, ndugu ya tipoyi yetu. Kila nyumba ilikuwa na zamu: mgonjwa akizidiwa, wanaume wa kikundi wanaacha kazi, wanambeba mpaka hospitalini, hata kama ni mwendo wa saa nyingi, na asiyefika zamu yake anatozwa faini. Vikundi hivyo baadaye vikawa pia mahali pa kuweka akiba ya matibabu. Hakuna mradi wa wazungu uliovianzisha. Na katika nchi kama Uganda, Malawi na Zambia, watu wamekwisha kufunga machela yenye magurudumu nyuma ya kinga ya kawaida, mama mjamzito anafika kituoni kabla mtoto hajatoka.

Sisi tunajua likelemba. Tunajua kuchangia matanga, kuchangia harusi, kuchangia jezi za mpira. Wasukuma kinga wa njia moja wanajuana kwa sura na kwa jina, wanalala pamoja njiani, wanasukumiana mzigo kwenye mlima. Kuongeza juu ya hayo kasha dogo la dharura, franka kidogo kwa kila safari, na mapatano kwamba anayeanguka hapitwi, si jambo kubwa. Na mapatano mengine ambayo najua yatanichukiza kwa wengi: kutotembea usiku kucha bila kula. Najua sababu ni bei ya soko na vizuizi, si ukaidi. Lakini magunia matatu juu ya tumbo tupu, na homa ya malaria imekwisha kuanza, ni kuomba barabara ikulaze.

Wiki iliyopita nilimkuta tena yule papa, karibu na mahali palepale, ameegemeza kinga kwenye mti wake, anapumzika. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema zamani alifanya kazi na mashirika ya misaada, akibeba wagonjwa wa kipindupindu, na huko alionyeshwa. Tangu wakati huo, alisema, amewalaza kwa ubavu watu wanne barabarani. Mmoja hakuamka.

Nilimuuliza kama haogopi polisi. Akacheka, akasema anaogopa sana. Kisha akainama, akafungua kafuko ka plastiki kalikofungwa chini ya usukani kwa uzi wa neti ya samaki, akanionyesha: sukari kidogo, wembe mpya, kipande cha kitenge kilichofuliwa. Akauliza mimi kwenye mfuko wangu nabeba nini. Nilikuwa nimebeba daftari, kalamu mbili na chaja ya simu.